Nafasi Kwenye Sinia

Malindi, Unguja
12 Shaabani 1353

Dada yangu Mwanawema,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Jadida, na zitakazobaki uwagawie majirani. Sisi hatujambo. Mume wangu Thabit mgongo umempoa, na kwa kuwa umempoa ameanza tena kugombana na kila mtu humu ndani. Mwanangu Tamima, mwanao wewe pia, amenipita urefu. Ukimuona utadhani ni mimi wa siku zile nilipoolewa, ila yeye ana adabu.

Barua hii ina habari. Kuna watu wanamtaka Tamima. Ni Bi Radhiya wa hapa hapa Malindi, mjane, anamtafutia mke kijana wake Thuwein. Kijana ni karani, mtulivu, hana mambo. Lakini mama mtu ni wa kuogopwa. Wale wakianza kutaja nasaba yao huanzia Omani wakashuka babu kwa babu mpaka kahawa ikapoa. Posa bado hawajaleta. Wanatuchungulia kwanza, wanaulizauliza, na mimi nacheka nao.

Nimewaalika, Bi Radhiya na binti zake, waje kula kwetu Idd Mosi. Thabit alitaka tuagize biriani kwenye hoteli moja ya Darajani. Siku hizi hapa mjini watu wanafanya hivyo hata siku ya Idd, chakula kinaletwa na sufuria ya mwenye hoteli na wala hawaoni haya. Nikamwambia afanye hivyo siku mimi nimekwisha kuzikwa. Na Bi Radhiya mwenyewe ameniulizia bokoboko la Mzee Marhoun. Marehemu mumewe alikuwa akija Wete kununua karafuu, akala kwa baba, na mpaka anakufa alikuwa akilitaja. Sasa mimi unanijua. Nipe ngano na nyama nitakutolea gundi ya kubandikia karatasi.

Njoo, dada yangu. Njoo unipikie, tule Idd pamoja kama tulivyokuwa. Nauli ya meli Thabit ataituma.

Mdogo wako,
Badriya binti Marhoun


Jadida, Wete
21 Shaabani 1353

Mdogo wangu Badriya,

Nimeipokea barua yako na nimeisoma mpaka karatasi imeanza kulegea. Namshukuru Mungu kwa habari za Tamima. Namshukuru pia kwa kunikumbuka, maana tangu uolewe sijakanyaga kwako, na wewe kila mwaka unaniambia nyumba ni ndogo. Naona mwaka huu imepanuka. Usinune, nakutania.

Nitakuja. Ngano nimekwisha kuanza kuichagua punje kwa punje, na samli nimeagiza Kiuyu kwa yule mama mwenye ng'ombe wekundu, kwa sababu samli ya dukani unaijua, nusu yake ni dhambi ya mwenye duka.

Barua yako imenirudisha nyuma. Unakumbuka mkesha wa Idd, baba alivyokuwa akiingia jikoni? Mwaka mzima hakujui kulikofungwa mlango wa jiko, lakini siku ile anaingia, anasimama mbele ya sufuria, anatuita kwa majina kamili tutie mkono kwenye mwiko. "Mwanawema binti Marhoun." Kisha "Badriya binti Marhoun." Mama yako amekaa kwenye kibao, mama yangu anapepea moto, na mashangazi wamejaa mlangoni. Siku moja shangazi mmoja akamuuliza kwa nini kila mwaka anaanza na mtoto wa suria. Baba hakumgeukia. Akasema tu, "Nimeanza na mkubwa." Mama yangu Masika aliishi na neno hilo mpaka alipokufa. Na mimi ninaishi nalo.

Sikufichi, Badriya. Mume wangu nimemzika, mtoto Mungu hakunijaalia. Nilichobakiwa nacho hapa duniani ni kuwa binti wa yule mzee na kuwa dada yako. Kwa hiyo uliposema tule Idd pamoja, nililia, kisha nikaenda dukani. Nimenunua hariri ya zambarau na nimeshona gauni. Sitaki kukaa na wakwe zako kwenye sinia moja nikakutia aibu kwa nguo za kushindia.

Mwambie Tamima mama yake mkubwa anakuja.

Dada yako,
Mwanawema binti Marhoun


Malindi, Unguja
4 Ramadhani 1353

Dada yangu,

Saumu njema. Naandika kwa haraka, Thabit anangoja barua aipeleke. Atakupokea bandarini.

Hilo gauni la hariri la nini na moto wa jikoni ule? Njoo na kanga zako. Na wewe unavyopenda maneno, mtu akikuuliza habari za kwetu niachie mimi nijibu. Bi Radhiya ni mtu wa kuchambua.

Njoo salama.

Badriya


Jadida, Wete
13 Mfunguo Mosi 1353

Badriya,

Nimefika salama. Hukuuliza, lakini nakuarifu. Nimekaa siku hizi zote nikingoja barua yako, nikidhani labda utakuwa na la kusema. Naona huna. Basi nitasema mimi.

Nilipokuja kwako uliniweka chumba cha uani, nikasema nyumba imejaa ugeni. Uliponiambia nisipande juu, nikasema mdogo wangu amechoka kwa saumu. Mkesha wa Idd nilisonga bokoboko lile mpaka mabega yakafa ganzi. Tamima akaja akakaa nami jikoni, akaniuliza mambo ya babu yake, nikamsimulia alivyokuwa akituita kwa majina, naye akataka kutia mkono, akatia. Moyo wangu siku ile ulikuwa mweupe. Nilisema hata kama sikupata kingine Unguja, hiki kimenitosha.

Idd Mosi nilioga, nikavaa hariri yangu. Ndiyo, nilikuja nayo. Nikakaa jikoni nisubiri kuitwa. Niliwasikia wageni wakiingia, nikasikia masinia yakitua mkekani, nikamsikia Bi Radhiya akisema hajapata kula kitu kama hiki tangu mumewe afariki. Nikasimama, nikanyoosha gauni. Akaja Mwatima, yule mwanamke anayekufulia, na sahani mbili. Akasema, "Bi Badriya kasema sisi tule huku huku."

Nilimwambia Mwatima amesikia vibaya. Akanitazama, akaniwekea sahani, akaanza kula. Nami nikala, Badriya. Nilijiambia una watu wengi wa kuwashughulikia na umesahau. Nilikutafutia udhuru mmoja baada ya mwingine mpaka chakula kikaisha.

Ningeliendelea kukutafutia kama si Idd tatu kule Mnazi Mmoja. Umetutoa jioni, mimi na Tamima, tukale sikukuuni kama watu wengine. Tumetandika mkeka, tumenunua mishikaki na mikate, Tamima anacheka na midomo imejaa pilipili. Ndipo Bi Radhiya akatokea na binti zake. Ukanigusa bega, ukaniambia kwa sauti ndogo nisimame niwapishe. Nikasimama. Wageni hupishwa, sina neno. Bi Radhiya akasema anataka kuushukuru mkono uliopika bokoboko, akauliza huyu ni nani.

Ukasema, "Huyu mpishi wetu wa Wete. Mama yake alikuwa mtumwa wa baba, basi kakulia kwetu."

Ulisema bila kukwama, na ukamkaribisha mkate. Mimi nimesimama mbele yenu na mshikaki mkononi, sijui niule au niutupe. Tamima aliinamisha kichwa. Bi Radhiya alinipa shukrani, na alinipa kwa heshima kuliko wewe.

Mama yangu baba alimzalisha, akamwacha huru, na sheria ya Mungu ikanifanya mtoto sawa na wewe, si zaidi si pungufu. Baba alilisema hilo mbele ya mashangazi. Wewe umelifuta kwa fungu la mishikaki. Na kinachoniuma zaidi si wao kusikia. Ni kwamba ulikuwa umepanga tangu Shaabani, tangu ile barua ya njoo dada yangu. Ulihitaji mikono yangu tu, na ukajua sitaileta mikono bila kuitwa dada.

Mwanawema binti Marhoun


Malindi, Unguja
22 Mfunguo Mosi 1353

Dada yangu Mwanawema,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimejifungia chumbani. Una haki ya kuwa na hasira. Lakini keti kwenye nafasi yangu kidogo. Ningesemaje? Wale watu wamekaa mbele yangu na mizani yao ya mababu, neno moja tu linawatosha kuondoka. Tamima amempenda yule kijana. Alimuona mara moja kupitia dirisha na tangu hapo sahani anaisukuma. Nilisema kwa ulimi, moyoni sikusema. Wewe unajua mimi na wewe tulivyo, basi watu wa nje wakijua vingine kwa muda inakupunguzia nini?

Sasa kuna jambo, na ningelikuwa na njia nyingine nisingekuomba. Bi Radhiya anakuja Wete mwezi ujao kumtazama mpwa wake aliyejifungua. Unaijua desturi, hakuna mtu anayeoza bila kuulizia. Amesema atapita kwako. Anasema anataka kufundishwa bokoboko, lakini mimi si mtoto, anakuja kuuliza habari zetu kwa mtu aliyekulia ndani.

Nakuomba kwa kaburi la baba. Akikuuliza, mwambie nilivyomwambia mimi. Mara moja tu, dada, kwa ajili ya Tamima. Harusi ikishapita nitakwenda mwenyewe kwa Bi Radhiya nimwambie kweli yote, na nikusimamishe wewe pale.

Nijibu upesi nipate kulala.

Mdogo wako anayekupenda,
Badriya


Malindi, Unguja
11 Mfunguo Tatu 1353

Mwanawema,

Furahi sasa.

Nilikaa nikingoja jibu lako mwezi mzima na zaidi. Nikasema dada amenyamaza kwa sababu amekubali, hataki tu kulitamka. Kumbe ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unamngoja Bi Radhiya afike huko.

Leo amekuja hapa. Hakukaa sana. Nimemletea kahawa, hakuigusa. Akaniambia, "Bi Badriya, kumbe una dada Wete," akajifunika buibui lake akateremka ngazi. Mpaka mtaa mzima ulimuona alivyotoka. Ametuma neno kwa Thabit kuwa kijana wake asubiriwe kwanza, yeye ana mambo ya kufikiri.

Nilikuomba neno moja. Sikukuomba shamba wala nyumba, uko ndani ya nyumba ya baba hapo Jadida na hakuna aliyekugusa. Neno moja, kwa mtoto uliyesema unampenda, na hukuweza. Ulitaka kunilipa ya mishikaki ukamlipa Tamima. Mama yangu alikulea chumbani mwake kama aliyekuzaa, na haya ndiyo aliyoyalelea.

Usiniandikie.

Badriya


Malindi, Unguja
26 Mfunguo Tatu 1353

Mama mkubwa,

Nashika miguu yako. Barua hii naipeleka kwa mkono wa Mwatima, mama hajui kama nakuandikia, na nakuomba usimwambie niliyoyaandika humu.

Si wewe uliyesema. Ni mimi.

Idd Kubwa Bi Radhiya alikuja kutupa mkono wa Idd. Mama akaenda jikoni kuandaa, tukabaki wawili. Akanisimulia safari yake ya Wete. Akasema amekwenda kwako, umempokea vizuri, umemfundisha kila kitu, hata namna ya kuitupa ile ngano ya kuelea. Akasema nyumba yako ni safi na wewe ni mtu mstaarabu sana, na kwamba alikuuliza wewe ni nani kwa Mzee Marhoun. Nikangoja. Akasema ulimjibu hivi: "Miye mpishi tu, bibi. Mzee Marhoun alikuwa bwana wangu."

Mama mkubwa, nilihisi kama nimepigwa. Mkesha ule jikoni umenisimulia babu alivyokuita kwa jina lake, na mimi nikaamini. Nilikuwa na hasira na mama tangu Mnazi Mmoja, sisemi naye ila kwa lazima. Lakini siku ile nilikuwa na hasira na wewe zaidi. Yeye alikukana mbele ya watu. Wewe umekwenda kumkana babu, na hapo nyumbani kwake. Kwa nini ulikubali? Mngeniuliza mimi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuolewa kwa bei hiyo.

Basi nikamwambia Bi Radhiya, "Yule ni mama yangu mkubwa. Baba yao mmoja." 

Hakushtuka kama nilivyodhani. Aliniuliza kama mama anajua kuwa mkwewe yeye Bi Radhiya, mama wa marehemu mumewe, alikuwa suria kutoka Unyasa. Nikasema hajui. Akasema wazee wa Malindi wote wanajua, na yule bibi ndiye aliyewalea wote na nasaba yao hakuna aliyeitoboa. Akasema, "Damu ya mama wa huyo dada sina haja nayo. Ninachokiogopa ni nyumba inayomlisha dada jikoni, maana na mwanangu nikimtia humo sijui watamlisha wapi." Mama aliporudi na sinia la kahawa alimkuta amekwisha kuvaa viatu.

Juzi alituma mtu kwangu. Anasema bado ananitaka mimi, bado anafikiri kuhusu mama.

Mama anaamini ni wewe. Anakutaja kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Kila siku najiambia leo nitamwambia, na kila siku ulimi unakuwa mzito. Mimi si bora kuliko nyinyi, naona.

Nisamehe. Na mimi nikipata nguvu nitakusamehe.

Mwanao,
Tamima


Malindi, Unguja
7 Mfunguo Nne 1354

Dada yangu mpenzi Mwanawema,

Mwaka mpya mwema, na Mungu autie kheri. Nilikwambia usiniandikie, nawe ukanitii mno.

Dada, Mungu ni mwingi wa rehema. Bi Radhiya ameleta posa. Imekuja jana kwa heshima zote, wazee wao na sanduku la udi, na harusi ni Mfunguo Sita. Thabit amefurahi mpaka amewapeleka wageni wote hotelini kula biriani, na safari hii sikumzuia.

Bi Radhiya ametaka jambo moja tu. Anataka siku ya harusi wewe uwepo. Anataka ukae sinia la mbele, yeye kulia, mimi kushoto, na anataka mimi mwenyewe niwaambie wageni wewe ni nani. Amesema asipokuona pale, hakai. Kumbe watu wenyewe hawana shida na mambo haya kama tulivyodhani. Tumejitesa bure, mimi na wewe.

Kwa hiyo njoo, dada. Yaliyopita nimeyaacha. Uliponifichua kwa Bi Radhiya niliumia sana, lakini naona Mungu alitaka liwe la kheri, na mimi nimekusamehe kwa moyo wangu wote. Njoo na lile gauni la hariri, hukupata kulivaa sawasawa. Na ukiweza kuja wiki moja mbele itakuwa vizuri, maana watu watakuwa wengi na bokoboko hapa hakuna wa kulisonga.

Mdogo wako,
Badriya binti Marhoun


Jadida, Wete
19 Mfunguo Nne 1354

Badriya,

Umenisamehe. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikaenda kisimani, nikachota maji, nikarudi, nikakuta bado imeandikwa hivyo hivyo.

Basi nikwambie kilichotokea hapa, kwa kuwa hujapata kuniuliza. Bi Radhiya alikuja asubuhi moja ya Mfunguo Pili. Nilimkaribisha chumba cha mbele. Tulipika, tukacheka, na bokoboko likishuka akaniuliza bila ya kuzunguka mimi ni nani kwa Mzee Marhoun. Nilikuwa na barua yako ya kaburi la baba ndani ya kifua cha gauni. Nilidhani nitasema kweli. Mpaka anafungua mdomo nilikuwa nimeazimia kusema kweli. Kisha nikamuona Tamima na midomo yake imejaa pilipili, na nikasema mimi ni mpishi, na baba yangu alikuwa bwana wangu. Nimelisema hilo ndani ya nyumba yake, nimekaa kwenye mkeka wake. Hakunilazimisha mtu. Wewe uliniomba, nami nikakupa.

Na halikubaki humu ndani. Yule Mjaka mwenye hoteli ya chai ya bandarini alikuwa barazani, ameleta maandazi niliyoagiza kwa ajili ya mgeni, akasikia. Jioni wanaume walikuwa wakilila neno lile pamoja na chai yao, kwamba Mwanawema mwenyewe ametamka kuwa si mtoto wa Marhoun. Watu wa hapa walionijua tangu nazaliwa sasa wanasita kidogo kabla ya kuniita. Wiki iliyopita niliagiza chapati pale hotelini, na mtumishi wake akapiga kelele jikoni akisema hizo ni za Bi Mpishi. Hakukusudia ubaya. Ndilo jina alilolikuta.

Ndiyo maana sikukujibu. Sikuweza kuandika neno lile mara ya pili.

Aliyemwambia Bi Radhiya kweli si mimi. Simtaji, na wewe usimtafute. Ni mtu aliyeona haya kwa niaba yetu sote wawili. Lakini angalia wewe ulivyofanya. Ilipovuja tu, hukuuliza, hukungoja, hukujiambia hata mara moja labda si dada. Moja kwa moja nikawa nimekuuza. Idd Mosi nilikula jikoni kwako nikikutafutia udhuru mpaka sahani ikaisha. Wewe hukunitafutia hata mmoja. Nilimkana baba yangu kwa ajili yako, Badriya, na wewe ulikuwa tayari kuamini lolote juu yangu. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili linaniuma zaidi. Nimejaribu kulijua na nimeshindwa.

Nitakuja harusini. Nitakuja kwa sababu Tamima anaingia kwenye nyumba ya watu, na mtoto anapoingia nyumba ya watu anastahili kuwa na watu wake wote nyuma yake. Nitafika siku ile ile, si wiki moja mbele. Jikoni kwako siingii, kwa hiyo tafuta mpishi au mwambie Thabit aagize hotelini. Nitakaa sinia la mbele, kati yako na Bi Radhiya, na nitakula. Utawaambia wageni mimi ni dada yako, baba mmoja, nami nitaitikia, nitatabasamu, nitakushika mkono wakitaka kuona tunashikana. Hakuna atakayejua lolote.

Kisha wageni wakiondoka, tukabaki mimi na wewe, usiniite dada.

Mwanawema binti Marhoun